Usingoje tope ndipo uikumbuke 4x4
Wenye magari makuukuu ya 4x4 huku Kisumu, ile gia ndogo ya kuwasha 4x4 ikikaa mwaka mzima bila kuguswa hukwama, na utajua siku umezama kwenye udongo mweusi wa Kano. Kila mwezi iweke 4H (magurudumu yote manne yakivuta, kwa mwendo wa kawaida), uendeshe kilomita chache kwenye murramu ili oili izunguke. Lami kavu usijaribu! Ukikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na gari lisilo na difu ya katikati (gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti) hujikaza, usukani ukawa mzito. Ikigoma kutoka 4H, rudi nyuma mita chache bila kukata kona. Gari lako lina habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono? Shuka uzifunge kwanza. Wengi husahau hapo, kisha fundi analaumiwa bure.