Samaki wanaozaa: anza na maji ya kisima chako, rangi baadaye

Wanaonijia hapa Langoni, Lamu, kuuliza samaki wa mapambo huanza na rangi. Mimi huanza na maji.

Hatua ya 1: Yapime maji kwa sabuni

Chota maji ya nyumbani, fulia kitambaa kwa sabuni ya mche. Povu likigoma kutoka, maji yako ni magumu, yamejaa chokaa ya mawe ya matumbawe tunayochimbia visima. Mama wa nyumba atanung'unika, lakini samaki wanaozaa watoto hai, badala ya kutaga mayai, huyapenda hayo hayo. Usihangaike na tetra wa mito ya Amazon. Wengi wao wanataka maji laini.

Kama maji yako ni ya mfereji na yana klorini, yaache siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa.

Na msiseme kufuga samaki ndani ni mambo ya wageni. Wazee wetu waliwatia samaki wadogo kwenye mabirika ya vyooni ili wawale viluwiluwi wa mbu, na chini ya birika wakaweka bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri.

Hatua ya 2: Tangi kwanza, samaki baada ya mwezi

Lita 60 zinatosha. Tia mchanga uliooshwa, kichujio cha sponji na pampu ndogo ya hewa. Hita ya nini, kwa joto letu hili? Weka tangi mbali na dirisha la jua, kisha subiri wiki 4 hadi 6 huku ukidondosha chembe za chakula. Kinachosubiriwa ni bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi isiwe sumu. Hapa ndipo wengi huharakisha, wakazika samaki.

Hatua ya 3: Chagua aina moja

Kati ya samaki wanaozaa, gapi ndiye mwepesi kufuga kuliko wote: dume sentimita 3 hivi, jike karibu mara mbili yake. Asili yake ni Trinidad na nchi jirani za Amerika Kusini. Endla, wa jamii yake, ni mdogo zaidi. Ukiwachanganya hao wawili watapandana, na baada ya vizazi vichache hutajua nani ni nani. Vivyo hivyo plati na mkia-upanga, samaki wengine wanaozaa. Plati ni mpole, mnene kidogo, na mimi humshauri anayeanza amchukue huyo akiona gapi wana pirikapirika mno.

Mkia-upanga hukua mrefu na anataka tangi kubwa. Moli naye huhitaji nafasi, lakini ana sifa moja kubwa kwetu: kisima chako kikiwa na uchumvi wa kukataliwa na mnywaji wa chai, moli hatajali.

Hatua ya 4: Dukani, tazama pezi la chini

Nyuma ya tumbo kuna pezi dogo. La jike limefunguka kama upepeo. La dume limechongoka kama kijiti. Nunua dume 1 kwa majike 3, la sivyo madume yatalisumbua jike moja hadi lichoke. Kataa samaki mwenye mapezi yaliyokunjamana, tumbo lililobonyea au vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Kataa pia jike lenye tumbo la pembe nne; limekaribia kuzaa, na safari ya basi kutoka Mombasa, kisha boti ya Mokowe, si ya mzazi.

Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja. Nikanunua majike manne matupu ya gapi, bila dume, nisije nikajaziwa tangi. Mwezi haujaisha, watoto wametapakaa kila pembe. Jike hupandwa dukani, likahifadhi mbegu za dume tumboni, na likaendelea kuzaa kwa miezi bila kuona dume jingine.

Hatua ya 5: Wafikishe, kisha wafiche watoto

Ukifika, acha chombo chao kielee juu ya maji ya tangi dakika 20, ukiongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe. Usimimine maji ya dukani ndani.

Gapi huzaa kila baada ya wiki 4 hivi, na mama hula watoto wake bila haya. Tia mimea mingi inayoelea, au fungu la nyuzi za nailoni, wapate pa kukimbilia. Walishe kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Kikizidi maji yananuka. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Watakaozidi usiwamwage mtoni wala bwawani, maana huzaana huko na kuwasonga samaki wa asili. Mimi huwagawia watoto wa madrasa, kila mmoja na chupa yake. Madume tu. Mpaka leo hakuna mama aliyekuja kunigombeza.