Kukuza mwani mchanganyiko kwa bwawa hapa Nairobi

Wasee, kama unataka mwani wa maji baridi kwa wingi usipande aina moja pekee. Changanya Chlorella na Scenedesmus, zote mwani wa kijani wa seli ndogo sana, juu moja ikilemewa na joto ama wadudu ingine inashikilia, na Scenedesmus mara nyingi seli zake hushikana nne nne hivi, kwa hivyo vile vidudu vidogo vinapata shida kuimeza.

Maji ya mfereji yana klorini, yaache wazi siku moja mbili kwanza. Anza na mbegu, yaani mwani kidogo wa kuanzia, kwa chupa ya lita 2 dirishani, halafu mtungi wa lita 20, halafu pipa la lita 200, ndio uende bwawa, ukiruka hatua mbegu inakuwa hafifu na uchafu mwingine unashinda. Bwawa kina sentimita 20 hadi 30 tu, mwanga ufike chini, na maji yazungushwe. Mbolea ya yurea weka kidogo kidogo, ikizidi inageuka amonia na hiyo inaua mwani.

Sasa hii ndio muhimu kabisa: kila asubuhi chota glasi moja, inua juani uangalie. Kijani kibichi, sawa. Ikielekea manjano, mara nyingi ni njaa ya nitrojeni. Ukiona vidoti vinarukaruka hao ni dafnia, vidudu vya maji vinavyokula mwani, na wanaweza kumaliza bwawa lote kwa siku chache, so chuja haraka na kitambaa, mwani utapita wao wabaki.

Juni na Julai baridi na mawingu, vuna kidogo. Miezi ya jua toa theluthi moja, jazia maji na mbolea.