Kupata fenicha Ujerumani bila kufilisika

Ukipanga nyumba Ujerumani usishangae kuingia jikoni ukakuta bomba tu zimetokeza ukutani, sinki hakuna, jiko hakuna, wengi wakihama wanaondoka na kila kitu, kwa hiyo muulize mapema mpangaji anayetoka kama anakuuzia vya kwake, hapo ndo unaokoa hela ya maana.

Vingine anzia Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ambako watu wanauza na kugawa vitu vilivyotumika, andika "zu verschenken" (vya kugawa bure) uone watu wanavyogawa makabati bure ilimradi ukabebe mwenyewe, ila ukikuta ghorofa ya nne na lifti hakuna ndo utajua hujui. Na usitume hela kabla hujakiona kitu.

Godoro nunua jipya jamani, IKEA, Poco au Roller panatosha. Sofa kwenye maduka makubwa kama Höffner au XXXLutz mara nyingi linatengenezwa baada ya kuoda, unaweza ukangoja wiki kadhaa umekaa chini, sasa uliza tarehe kabla hujasaini, na punguzo omba tu usione aibu. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni una siku 14 za kurudisha, isipokuwa kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako, dukani inategemea wenyewe. Jumapili usijisumbue, karibu yote yamefungwa.