Kujifua gitaa nyumbani: nusu saa ya kila siku na namna ya kuipanga

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza gitaa hapa Ngamiani, Tanga, wana sikio zuri. Kinachowakwamisha ni mpangilio: wiki nzima gitaa halijaguswa, halafu Jumapili wanalikamata kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Vidole havizoei hivyo. Nusu saa kila siku inatosha kwa anayeanza.

1. Funga muda wako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Baada ya swala ya Alfajiri, au ukishatoka kazini na kuoga. Gitaa likae mahali unapoliona, maana likifungiwa kwenye begi juu ya kabati utalisahau. Ila kwetu pwani chumvi inakula nyuzi za chuma upesi, kwa hiyo ukimaliza zifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake.

2. Tyuni, kila siku. Joto na unyevu havikuachii gitaa kama ulivyoliweka jana. Uzi wa A (wa pili ukihesabu kuanzia ule mnene kabisa) utyuni kwa programu ya simu, kisha simu iweke pembeni. Ukibana A kwenye freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vile vichuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) unapata sauti ya uzi unaofuata, D. D freti ya 5 inakupa G. G freti ya 4 inakupa B. B freti ya 5 inakupa E nyembamba. E nene nayo, ukiibana freti ya 5, lazima ilingane na A. Sikio linajifunza hapo hapo.

3. Dakika 20 za kipande kimoja kidogo. Hapa ndipo kazi ilipo. Mji huu ndio uliozaa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia gitaa na besi kwenye taarabu, na kila mwanafunzi anataka kupiga wimbo mzima siku ya kwanza. Usifanye hivyo. Chukua jibu moja tu la solo, lile linaloingia mwimbaji anapovuta pumzi, la baa mbili (baa ni fungu dogo la mapigo ya muziki).

Weka metronomu, kifaa au programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ukilipiga safi mara 5 mfululizo, panda hadi 64. Ukijikwaa, usirudi mwanzo. Tafuta noti mbili zinazokuangusha. Mara nyingi ni kidole cha pete kinachochelewa kuhama uzi kwa sababu kimenyanyuliwa juu mno. Rudia kuhama huko peke yake, polepole, kidole kikikaribia kugusa uzi muda wote, kisha rudisha noti mbili hizo kwenye sentensi yake. Kosa ukilipiga mara kumi kwa haraka, vidole vimeshalihifadhi, na kulitoa ni kazi kuliko kujifunza upya.

Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida. Kifundo cha mkono kikiuma, simama na upumzike.

4. Dakika 5 za mwisho, piga wimbo bila kusimama. Hata ukikosea, endelea. Kwenye harusi mwimbaji hakusubiri, na wanaotunza wameshasimama. Jirekodi kwa simu, ila usikilize kesho, kabla hujaanza, masikio yakiwa yamepumzika.

5. Andika kwenye daftari: tarehe, kipande, spidi uliyofikia, na noti zilizokusumbua. Ukiishia 72 leo, kesho anzia 68.