Andika maneno ya anayejibu

Mzee mmoja alikaa mbele ya kompyuta kwenye maktaba ninayofanyia kazi, akaandika kwa kidole kimoja kwenye kisanduku cha kutafutia: *habari simu yangu ina matatizo naomba msaada*. Yakaja matangazo ya mafundi na kurasa za wauza simu. Akanigeukia: “Mwanangu, mashine hii haina jibu langu.”

“Matatizo gani, mzee wangu?”

“Inazima.”

“Inazima wakati gani?”

“Betri ikifika thelathini. Nikichomeka chaja inawaka, na chaji bado ni ileile.”

Nikamwambia hayo aliyonieleza ndiyo ya kuandika. Tukaandika *simu inazima betri ikiwa asilimia 30*, na ukurasa wa kwanza tu ulizungumzia betri iliyochakaa: haiwezi tena kutoa nguvu ya kutosha ingawa kipimo kinaonyesha chaji ipo. Humo tukakutana na maneno ambayo mzee hakuwa nayo alipoingia, *afya ya betri*. Tukatafuta tena kwa maneno hayo pamoja na jina la simu yake, tukapata mahali pa kubonyeza kwenye mipangilio.

Hivyo ndivyo ninavyomfundisha kila anayekaa pale. Kabla hujaandika, jiulize: ukurasa wenye jibu langu umeandikwa kwa maneno gani? Aliyeandika jibu hakuandika “naomba msaada”. Aliandika jina la kifaa, dalili, na hali inayoileta. Na usikate tamaa utafutaji wa kwanza ukikuletea nusu ya jibu. Mara nyingi kazi yake ni kukupa msamiati, na jibu lenyewe huja kwenye utafutaji wa pili.

Kompyuta ikikuonyesha namba ya hitilafu, umepata bahati. Inakili kama ilivyo, mfano 0x80070070, ambayo kwenye Windows maana yake nafasi ya diski imejaa. Usiandike jina lako wala majina ya mafaili yako, hayo hayamo kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Sisi tunaotafuta kwa Kiswahili tuna jambo letu la kuangalia. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: jino, meno, inazima, imezima, huzima. Usitegemee injini ya utafutaji, kama Google, itayaunganisha yote. Ukikosa kwa umoja, jaribu wingi. Ukikosa kwa *inazima*, jaribu *kuzima*. Jaribu pia jina la pili la kitu hichohicho. Mmoja ameandika *umeme wa jua*, mwingine *nishati ya jua*, mwingine *sola*, na wote wanasema jambo moja.

Halafu kuna maneno yenye sura moja na maana mbili. Ukiandika *tai* peke yake, unaweza kuletewa ndege na vazi la shingoni pamoja. Ongeza neno la jirani: *tai kiota mayai*, au *kufunga tai ya suti*. Ukiona nguo bado zinaingia, ziondoe kwa alama ya kutoa iliyogusana na neno: *tai -suti -shati*. Ukitaka tovuti moja tu, andika *site:sw.wikipedia.org tai*, bila nafasi baada ya nukta mbili. Ukitaka waraka wa kupakua, ongeza *filetype:pdf*. Herufi kubwa au ndogo kwenye maneno ya kawaida hazina tofauti.

Alama za kunukuu nazihifadhi kwa ajili ya mstari ninaoukumbuka neno kwa neno, kama methali au sentensi ya barua rasmi. Zinaibana injini ifuate maneno hayo kwa mpangilio huo, kwa hiyo kosa la herufi moja linaweza kukunyima kila kitu. Ukipata patupu, ziondoe kwanza.

Zamani tulifundishwa kufuta maneno madogo: ya, kwa, kutoka. Ushauri huo umepitwa na wakati. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia modeli iitwayo BERT, inayosoma neno pamoja na majirani zake, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zaidi ya 70 zilizofuata mwaka huohuo. *Kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta* si sawa na *kutoka kompyuta kwenda simu*, kwa hiyo yaache maneno hayo yafanye kazi yake. Swali kamili nalo si kosa, mradi liwe na dalili ndani yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni swali lililokwisha kujijibu, hasa la afya. Mtu akiandika *kahawa inasababisha shinikizo la damu*, huenda akaletewa kwanza kurasa zinazosema ndiyo, kwa sababu ndizo zenye maneno yake. Ataondoka akiamini amethibitisha, kumbe amesikia sauti yake mwenyewe ikirudi. Andika *kahawa na shinikizo la damu*, halafu tafuta tena kwa upande wa pili: *kahawa haisababishi shinikizo la damu*. Soma zote mbili, uangalie nani ameandika na lini. Nimewaona watu wakiacha dawa kwa utafutaji mmoja ulioelemea upande, na siku hizi mtu akiandika jambo la mwili wake namwomba tuligeuze swali pamoja kabla hajafungua ukurasa wowote.

Na kabla ya kubonyeza, tazama tena ulichoandika. Namba ya kitambulisho, ya akaunti, jina kamili la mgonjwa: futa. Yule mzee alikuwa ameanza kuandika namba yake ya simu ili “wanipigie”, tukaifuta, tukaacha dalili peke yake.