Kabla hujatoa balbu ya zamani uweke LED, zima meni (swichi kuu ya nyumba), swichi ya ukutani haitoshi

Jamani naona sasa hivi hapa Dar watu wengi wanatoa balbu za njano na zile enaji seva za kujikunja wanaweka LED, na wanafanya vizuri kabisa maana balbu ya wati 60 ukiwasha masaa matano kila siku, mwezi ukiisha imekula yuniti 9 za LUKU, wakati LED ya wati 9 yenye mwanga kama ule ule inakula yuniti moja na kidogo. Ila unakuta mtu kapanda juu ya stuli ya plastiki, mikono ina jasho, kazima swichi ya ukutani tu alafu anaingiza vidole kwenye holda. Hapo ndo panaponitisha.

Swichi kazi yake ni kukata laivu, yaani ule waya unaoleta umeme. Sasa nyumba nyingi za kupanga zimeongezwa chumba leo, kesho kingine, kila fundi na waya zake, unakuta swichi imekata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu, taa inazima vizuri tu lakini juu kwenye holda umeme bado upo. Dalili mojawapo: unaweka LED, unazima, usiku unaiona ina kamwanga kadogo au inakonyeza. Inaweza pia kuwa ni swichi yako ina kale kataa kadogo ka kuonyesha ilipo, ila kama haina, ita fundi apime na testa, usipuuzie.

Kwa hiyo zima meni. Na kama mnaishi wapangaji wengi na meni iko koridoni, muweke mtu mzima asimame pale pale, maana mwenzenu akiona giza anatoka chumbani anaiwasha bila kuuliza. Na umeme kukatika usikudanganye ukasema basi ngoja nibadilishe sasa hivi, unaweza kurudi mkono wako ukiwa juu.

Kama balbu ilikuwa inawaka iache ipoe kama dakika kumi. Tumia ngazi au meza ngumu, viatu miguuni, mikono mikavu. Ya pini unaisukuma juu kidogo, unazungusha kushoto, unashusha, ya kuzungusha unaifungua tu kama mfuniko wa chupa. Enaji seva shika kitako cha plastiki, usishike kile kioo, kinavunjika kirahisi sana. Kwa wa Kigamboni, Msasani na kote kwenye upepo wa chumvi, holda zinashika kutu na balbu inagoma kutoka, usilazimishe kwa nguvu, kioo kikikatika kibati kinabaki ndani na hapo itabidi plaizi, meni ikiwa bado imezimwa. Holda ikiwa na kutu au imeungua nyeusi badilisha holda yenyewe kwanza.

Ukienda Kariakoo beba balbu ya zamani mkononi. Kwenye boksi soma B22, hiyo ya pini, au E27, ya kuzungusha, na iwe ya volti 220 mpaka 240. Usifananishe wati, angalia lumeni, hicho ndo kipimo cha mwanga, kama 800 hivi ndo sawa na ile ya wati 60. Mwambie muuzaji aiwashe ukiwa unaona. Taa iliyofunikwa kabisa na kioo inaipa LED joto na inakufa mapema, na swichi ya kupunguza mwanga inataka LED iliyoandikwa inakubali hiyo kazi. Tyubu laiti ni habari nyingine, kuna choki na stata ndani, muachie fundi.

Wakati wa kurudisha umeme, swichi ya ukutani iwe imezimwa, shuka chini, washa meni, ndo uwashe taa.

Enaji seva ikivunjika usikimbilie ufagio, ndani kuna zebaki. Toa watoto, zima feni, fungua madirisha, kaeni nje kama dakika kumi na tano. Alafu vipande viokote na karatasi ngumu, unga unga uliobaki unyanyue na selotepu au kitambaa kibichi, vyote kwenye chupa yenye mfuniko au mifuko miwili iliyofungwa vizuri, na uandike ni kioo ili wazoa taka wasijikate. Usiichome na takataka za nyuma ya nyumba, ule moshi unabeba zebaki na wanaouvuta ni nyie wenyewe na majirani.