Madume wawili hawatoshi: hesabu ya mbegu ya tilapia

Mavuno ya kwanza samaki walifika gramu 300 kwa miezi sita. Sasa wanakwama gramu 150, na lawama zote anabebeshwa muuza chakula. Kabla hujagombana naye, hesabu madume wako wa mbegu. Kwenye mabwawa mengi ya magharibi mwa Kenya, kuanzia Ahero hadi Kakamega, utakuta wawili au watatu, tena wa tumbo moja.

Zidisha idadi ya madume kwa majike, kisha mara 4, ugawanye kwa jumla ya wote. Madume 2 na majike 20: unapata 160, gawa kwa 22, ni 7. Yaani majini kuna samaki 22, lakini kwa upande wa damu ni kama una 7. Undugu, yaani kuzaana ndugu kwa ndugu, unapanda karibu asilimia 7 kila kizazi. Kwa kuwa tilapia huzaa akiwa na miezi minne hadi sita, anayechagua wazazi kila mavuno hufikisha vizazi vinne ndani ya miaka miwili, na hapo vifaranga wake ni sawa na watoto wa kaka na dada. Ndiyo maana wanadumaa, mgongo unapinda, wengine wanakufa wakiwa wadogo.

Na usinidanganye kwamba umeongeza majike. Majike 100 kwa madume 2 bado ni 8 tu! Weka madume 20 na majike 40, upate 53. Hapo undugu unapanda chini ya asilimia 1 kila kizazi.

Wengine huuliza mbona wanyama wageni wanaovamia pwani mpya huanza wachache wakatapakaa. Kaa wa kijani wa Ulaya alionekana pwani ya mashariki ya Marekani mwaka 1817, lakini baadaye kundi jingine lenye damu tofauti lilifika Nova Scotia, Kanada, likachanganyika na lile la kwanza. Meli huwaletea damu mpya. Bwawa lako halina bandari.

Hao 60 usiwarundike pamoja, kwani madume wachache wababe watazalisha wengi wao. Tumia neti tano za aina ya "hapa" (vizimba vya wavu laini vinavyowekwa bwawani), kila moja mita 2 kwa 1.5, madume 4 na majike 8. Siku ya 12 tangu uwaweke pamoja, fungua mdomo wa kila jike utoe mayai na vifaranga, maana humo ndimo anamowalea. Siku ya 12, si ya 20. Ukichelewa vifaranga wametawanyika, hujui nani ni wa nani, na wakubwa wanawala wadogo. Wa kurithi nafasi ya wazazi chukua 50 kwa kila jike, kwa kuhesabu. Kuteka kwa kikombe si kuhesabu. Waliobaki uza. Wakikomaa, chagua madume 4 na majike 8 kutoka kila neti, kisha madume wa neti ya kwanza wahamie ya pili, wa pili ya tatu, hadi wa tano warudi ya kwanza.

Vifaranga waliolishwa homoni ili wawe madume ni wa kula na kuuza tu. Baadhi yao kwa asili ni majike. Ukiwapandisha, watoto wanatoka majike watupu. Wala usivue wazazi ziwani, maana tilapia wa Nile huzaana na ngege, tilapia wa asili wa Ziwa Victoria, na hutajua umefuga nini.

Mbegu ikikaa sawa, samaki wa rika moja hulingana ukubwa.